Bidhaa Iliyorukwa

Ndoa kuu ya Baba Hamadi iligharimu ng'ombe saba, magunia ya mchele ambayo hata mimi niliacha kuyahesabu, mkufu wa dhahabu uliofika kitovuni, na Mwalimu Zakaria. Ng'ombe waliliwa. Mchele uliliwa. Mkufu uliuzwa kipande kwa kipande katika miaka ya shida, na Mama mdogo Echati, aliyevishwa mkufu huo, alikufa mwaka jana akiwa na pete moja tu, tena kwa sababu ilikuwa imemkaza kidoleni. Asiyefungiwa hesabu mpaka leo ni huyo Mwalimu. Mimi ni mtu wa sokoni. Nimeuza vitambaa Mahajanga, kisha Mombasa, umri wangu wote, na sijapata kumwamini mtu aliyehesabu mara moja, hata kama mtu huyo ni mimi mwenyewe.

Nilirudi Mahajanga kwa ajili ya hitima ya Mama mdogo. Wanaume walikuwa mbele wakisoma, nami nimekaa uani mkekani na wanawake, nikikadiria bei ya kila nguo iliyokuwa mbele yangu (hayo ni maradhi, si dharau), akaingia mwanamke mrefu mwenye mvi, amejitanda shuka jeupe begani kama wanavyojitanda Wakristo wa Bukini, yaani Madagaska, wanapokwenda msibani. Akainama mbele yangu akasema, "Kwezi." Hiyo ndiyo salamu yetu ya mdogo kwa mkubwa. Nilimtambua kwa kitendo hicho, maana ananizidi miezi mitatu na tangu usichana alikuwa akinisalimia hivyo kwa kunikejeli.

"Rasoa," nikasema.

"Salima. Umenenepa."

"Na wewe umekonda. Tukijumlishwa tuko vilevile."

Akakaa. Alikuwa binti wa Mwalimu Zakaria, na tulikuwa hatujaonana tangu mwaka ule wa ndoa kuu. Niseme mapema kwamba tulizungumza Kibuki, lugha ya Bukini, kama tulivyozungumza siku zote. Kiswahili changu nimekijenga Mombasa, kwa mume na kwa wateja. Kule kwetu kilikuwa kimebaki katika maneno ya dini, ya biashara na ya ubaharia. Nyumbani tulisema Kibuki na Kingazija, na mbele ya Wafaransa kila mtu alikuwa na kile Kifaransa chake cha kuombea kibali. Kwa hiyo wote watakaosema humu nimewatafsiri mimi, na sikuwalipisha.

Mwaka ninaousimulia ulikuwa mmojawapo wa miaka ya mwisho ya utawala wa Wafaransa. Nilikuwa nimefikia umri wa kuposwa na wa kukataa, nikatolewa Marodoka, kisiwani Nosy Be, nikaletwa Mahajanga kumsaidia Mama mdogo kujiandaa kuolewa. Msishangae. Alikuwa ameshaolewa na Baba Hamadi, binamu yake, zamani. Alikuwa amezaa, amezika, na ameshagombana na mumewe juu ya kila kinachogombaniwa. Lakini ile ilikuwa ndoa ndogo, ya kadhi na mashahidi wawili na sahani ya halua. Kwa watu wetu wenye asili ya Ngazija kuna pia ndoa kuu, ambayo mwanamume anaweza kuifanya na mkewe yuleyule baada ya miaka ishirini, akishapata mali ya kulisha mtaa mzima. Asiyeifanya huitwa mtoto barazani, hata awe na mvi. Hukaa nyuma. Hasemi mpaka aulizwe, na haulizwi. Baba Hamadi alikuwa na duka la nguo na mchele karibu na bandari, alikuwa na miaka hamsini, na vijana aliowauzia kanzu zao za harusi walikuwa wakimwambia asogee wapite. Wakati ule nilimcheka kwa kuitaka mno ndoa ile. Siku hizi, nikiona wajukuu wanavyonipita mlangoni huku wakitazama simu, simcheki sana.

Nyumba ilikuwa mtaa wa Tsaramandroso. Mbele ilikuwa ya mawe na chokaa, ya kuonyesha. Nyuma ilikuwa ya mbao na mabati, ya kuishi. Chumba kizuri kuliko vyote kilikuwa kimejaa vitu vya harusi: kabati la vioo, viti vya mbao nyeusi visivyokaliwa, taa ya kuning'inia yenye vipande vya vioo iliyowekwa sakafuni juu ya gunia kwa sababu dari haikuwa na nguvu ya kuibeba. Vitu vilikuwa na chumba, sisi tulikuwa na ukumbi. Tulikula hapo, tumekunja magoti, wali na kisamvu na achari ya embe, na baada ya chakula Mama mdogo alimimina maji kwenye sufuria yenye ukoko akayachemsha, tukanywa maji yale yenye harufu ya wali ulioungua. Mpaka leo, daktari akiniuliza kama nakunywa maji ya kutosha, nakumbuka yale na kumjibu kwamba maji ya kweli siku hizi hayauzwi. Nyuma ya ukuta wa mbao wa ukumbi ule kilikuwa chumba cha wapangaji, na mpangaji wetu alikuwa Mwalimu Zakaria pamoja na Rasoa.

Mwalimu alikuwa mjane, akifundisha dini katika kanisa dogo la Kiprotestanti. Alikuwa Makoa, yaani mmoja wa wajukuu wa wale walioletwa Bukini kutoka upande wa Msumbiji na kuuzwa. Hakuna aliyelitamka jambo hilo nyumbani isipokuwa Baba Hamadi akiwa na wageni. Mwalimu hakupika nguruwe katika uwanja wetu hata siku moja, na wakati wa Ramadhani alikula ndani, mlango umefungwa, kwa heshima. Alikuwa mtu mwema, nami ningependa kuishia hapo, lakini alikuwa pia na sauti nzuri na alilijua hilo. Alikuwa akiwaomba watu chumvi kwa sauti ya kuhubiria. Mwaka ule alitakiwa kuhubiri mbele ya wazee wa kanisa ambao wangeshuka kutoka nyanda za juu kuja kumpima; akifaulu atakuwa mchungaji, atapewa nyumba, na Rasoa ataendelea na shule. Akachagua maneno ya nabii Ezekieli juu ya mji wa Tiro, kwa sababu, alisema Rasoa, ndiyo yenye radi nyingi.

Alijizoeza kila alfajiri, punde tu baada ya adhana, wakati uwanja umeamka na Mama mdogo anapepeta mchele. Rasoa alimshikia kitabu, naye alisimama akauelekea ukuta wetu akasoma. Sikuwahi kusikia kitu kama kile. Nilikuwa nimesoma Kurani kwa bibi mmoja Marodoka na nilijua habari za Karuni, ambaye ardhi ilimmeza na hazina zake, lakini Karuni hakuorodheshewa mali. Nabii huyu alikuwa ameingia sokoni. Alijua fedha inatoka wapi na bati linatoka wapi, nani analeta farasi, nani analeta pembe na mpingo, nani analeta ngano na asali na mafuta, sufu nyeupe, nguo za taraza, manukato, dhahabu. Alijua mbao za merikebu na nguo ya tanga. Nilikuwa naacha ungo mapajani nikihesabu kwa vidole. Kisha, baada ya kupanga bidhaa zote hizo kwa uangalifu wa mwenye duka, anaupeleka upepo wa mashariki na kuzizamisha zote, na wafanyabiashara wa pwani nzima wanapiga mayowe na kujitia vumbi kichwani. Baada ya hapo anamgeukia mtawala wa mji, ambaye kwa utajiri wake amejiona amekaa kiti cha Mungu katikati ya bahari, na kumwambia jambo moja tu: wewe ni mtu.

Sasa jitieni katika nafasi ya Baba Hamadi. Yeye alikuwa upande huu wa ukuta, kitandani, na vitu vyake vilivyobaki vya harusi vilikuwa Nosy Be vikingoja chombo. Kabla ya hapo, mbele ya wageni, alikuwa amesema kwa sauti ya kutosha kupita mbao kwamba Makoa anayesoma ni sawa na jogoo anayetaga. Na sisi tuna kisomo chetu, Halbadiri, tunachokisoma kumwombea mabaya aliyetudhulumu: husomwa kwa sauti, hurudiwa, na mwenye kosa huanza kuumwa tumbo. Baba Hamadi alikuwa ameshaanza kuumwa tumbo.

"Anataja nguo," nilimsikia akimwambia Mama mdogo.

"Wewe unauza nguo. Mji mzima unauza nguo."

"Anataja pembe, anataja dhahabu, anataja chombo na tanga lake. Kisha anazamisha. Kila alfajiri anazamisha, Echati! Jana amezamisha mara tatu!"

"Labda hakuridhika na zilivyozama mara ya kwanza."

"Cheka. Mkufu wako umo humo."

Mama mdogo akaacha kucheka. Kesho yake aliitwa fundi, ndivyo tunavyomwita mwalimu wa chuo cha Kurani, akaketi ukumbini na chetezo cha ubani, uso ameuelekeza kwenye mbao zilezile, akaanza kusoma kisomo cha kufungua. Upande wa pili Mwalimu Zakaria, aliposikia mtu wa dini amekuja kusoma karibu naye, aliona ni heshima kubwa. Akapandisha sauti. Fundi naye akapandisha. Mwalimu akazamisha, fundi akaopoa. Jirani akarusha kopo juu ya bati. Waliendelea hivyo siku nne, mpaka fundi akapoteza sauti na kudai malipo ya siku tano, nami nikaona kwamba nisipofungua mdomo mtu ataumia. Nilimfuata Baba Hamadi dukani nikamwambia: si laana, ni somo, mji huo si wako, unaitwa Tiro, ulikufa zamani, Mwalimu anajizoeza kwa ajili ya mtihani wake, na mimi na Rasoa tunajua karibu yote kwa moyo.

Alinitazama kama ninavyomtazama mteja anayesema ataenda nyumbani kuchukua pesa. "Mji ulikuwa unauza nini?" akauliza. Nikamtajia bidhaa mbilitatu. Macho yake yakatulia. "Mwambie aje anisomee mimi. Mbele, si nyuma."

Kwa hiyo Mwalimu Zakaria alikuwa mtu wa kwanza kukalia kiti cha harusi. Alikuja na koti lake jeupe, Rasoa amelipiga pasi ya mkaa, na Rasoa mwenyewe akasimama mlangoni kwa sababu hakukuwa na pa kukanyaga. Mimi nilileta chai na vitumbua. Mwalimu akasoma, na Baba Hamadi akamkatiza kila hatua, si kwa ubishi, bali kwa raha.

"Fedha na bati wanaleta kutoka wapi?"

"Tarshishi, Mzee Hamadi."

"Ni mbali?"

"Ni mwisho wa bahari."

"Basi bei ni mara mbili, na bado wana faida. Endelea."

"Pembe na mpingo."

"Mpingo babu yetu Athumani aliuleta Marodoka. Endelea, Mwalimu. Kunywa chai."

Nilikuwa sijawahi kumwona amefurahi hivyo. Aliusikia mji ule kama mtu anayesikia habari za ndugu zake waliofanikiwa. Tulipofika mwisho wa bidhaa akapiga goti lake. "Hao walikuwa watu! Sasa Mungu amekasirikia nini hapo? Mtu amefanya kazi, amenunua, ameuza, amejenga. Salima, wewe unayejua. Ziko ngapi bidhaa zile? Hesabu."

Nikahesabu kwa vidole, moja baada ya nyingine, bila kusita, nikifurahi kuonekana. Mwalimu Zakaria alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole, "Umeruka moja."

Nikarudia. Nikapata hesabu ileile.

"Umeruka ileile," akasema. Akafungua kitabu, akarudi mwanzo kabisa, karibu na ile fedha na bati, akaweka kidole. Watu. Wafanyabiashara wa upande fulani walileta katika soko la Tiro watu, pamoja na vyombo vya shaba. Alikuwa ameisoma muda mfupi uliopita, mbele yetu sote, na kila alfajiri kabla ya hapo, na mimi ninayehesabu mara mbili sikuwa nimeisikia hata mara moja. Kulikuwa na sufuria za shaba, sufuria nilizihesabu.

Baba Hamadi akakoroga chai iliyokwisha kukorogwa. "Hayo ya zamani," akasema. "Kila mtu alifanya."

"Kila mtu," Mwalimu akakubali. "Mama yake mama yangu aliteremshwa Nosy Be. Alikuwa mtoto, hakujua chombo ni cha nani. Alikumbuka kwamba waliwekwa ghalani kwenye nyumba ya mawe, na kwamba kuingia ghalani unashuka vidaraja vitatu, na kidaraja cha kati kimevunjika pembe, hivyo kila anayeshuka gizani anajikwaa hapo. Alijikwaa. Mpaka anakufa alikuwa na kovu hapa." Akagusa mfupa wa mguu wake.

Sikumtazama Baba Hamadi, wala yeye hakunitazama. Ghala lile tulikuwa tukifugia kuku. Lilikuwa chini ya nyumba ya babu yetu Athumani, Marodoka, halina dirisha, na kwenye kidaraja cha kati mimi nimejikwaa mara nyingi nikiwa na mayai kwenye sinia, na nikapigwa kwa ajili ya mayai.

Hapa ndipo Mwalimu alipopaswa kunyamaza, na nimefikiri miaka mingi kwamba kama angenyamaza mambo yangekwenda kwingine, kwa maana Baba Hamadi alikuwa ameshainamisha kichwa. Lakini alikuwa na sauti nzuri. Akasimama katikati ya vile viti na lile kabati la vioo, akageuza ukurasa, na ile sehemu ya mtawala aliyejiona Mungu akaisoma kwa radi yake yote, kidole kimenyooshwa, na alipofika kwenye "wewe ni mtu" vipande vya vioo vya taa vililia. Nilimwona Rasoa mlangoni akifumba macho. Kuna ukweli unaosemwa ili mtu apone na kuna ukweli unaosemwa ili mwenye kuusema asikike, na maneno yake yanaweza kuwa yaleyale, herufi kwa herufi.

Baba Hamadi akainuka, akaweka kikombe juu ya kabati. "Laana ningeiweza, Mwalimu," akasema. "Laana ina dawa yake. Chumba chako nakihitaji kwa mapishi ya harusi. Ijumaa."

Ijumaa waliondoka. Vitu vyao vilienea kwenye pusipusi moja, kile kigari cha kuvutwa na mtu, meza imepinduliwa juu, miguu yake minne ikielekea mbinguni. Mama mdogo alimtilia Rasoa kitoweo kwenye kopo. Rasoa aliniambia, "Kaa na sufuria zako," kisha akaenda kuushika mguu wa meza usidondoke. Walipata banda mwisho wa mji, na shule ya Rasoa ikakomea hapo, kwa kuwa ilikuwa mbali na kwa kuwa mtihani wa baba yake ulikuja kuharibika, ingawa habari hiyo mimi sikuijua mpaka siku ya hitima.

Wiki iliyofuata nilitumwa Marodoka kusimamia upakiaji wa vitu. Mji wa Hell-Ville, bandari ya Nosy Be, wote ulinuka maua ya mlangilangi yaliyokuwa yakichemshwa kwa ajili ya manukato ya Wazungu. Nilimkuta bibi yangu uani akichambua mchele, nikamuuliza ghala la chini lilikuwa la nini zamani.

"La mali," akasema.

"Mali gani, bibi?"

Akaendelea kuchambua. "Mali inayokula," akasema. "Ndiyo maana haikukaa muda mrefu. Nisogezee ungo."

Nilishuka mle ndani. Kuku walinipisha. Nikakaa kwenye kidaraja cha kati nikapapasa ile pembe iliyovunjika, na nilichokuwa nikisubiri sikijui. Kisha nikapanda juu nikasimamia upakiaji. Na hapa lazima niwe mkweli kwa wanaopenda hadithi zenye adhabu: hakuna kilichozama. Bahari ilikuwa shwari kama chai kwenye sahani. Nilisimama forodhani Mahajanga nikahesabu kila kifurushi, nikahesabu tena, na hakikukosekana hata kijiko. Baba Hamadi alikuja akauona mkufu, akacheka mpaka akakohoa. Kama Mungu alikuwa amekusudia kumhukumu kwa upepo wa mashariki, siku ile alikuwa na shughuli nyingine.

Harusi ilikuwa kubwa. Watu walikula hadi wakaanza kulalamika, na kwetu hiyo ndiyo sifa ya chakula. Katika ndoa kuu kuna saa ambapo msemaji husimama mbele ya wazee na kuitaja nasaba ya bwana harusi, baba na babu, na chini ya kila jina anaeleza alikuwa nani na alileta nini mjini. Ni hapo, kwa kweli, ndipo mtu anaponunua kile alicholipia. Nilikuwa nimeisikia orodha ya Babu Athumani tangu utotoni, katika kila harusi ya ukoo wetu: vyombo vyake vinne, nyumba yake ya mawe, mpingo, nguo, shaba, na "watu wake wasiohesabika", maneno ambayo sisi watoto tulidhani yana maana ya marafiki. Msemaji akaanza. Baba Hamadi alikuwa amekaa mbele kabisa, amevaa joho lililotariziwa, jasho linamtiririka. Vyombo vinne. Nyumba ya mawe. Mpingo. Nguo. Shaba. Kisha msemaji akavuta pumzi na kuruka kwenye jina lililofuata.

Nilikuwa nimesimama dirishani na wanawake, nikahesabu upya. Ilipungua moja. Nikamtazama Baba Hamadi, naye alikuwa ameinua uso akitazama moja kwa moja upande wa dirisha letu, kama mtu aliyeweka fedha mezani na kungoja kuona kama utazihesabu. Yeye ndiye aliyeamuru irukwe. Hakuna mwingine aliyejua, na hakuna aliyeuliza. Tangu siku ile aliitwa mzee, akakaa mbele, akaulizwa maneno na kujibu, na katika miaka yote iliyobaki hakumtaja babu yake tena kwa sifa. Kwa muda mrefu niliamini kwamba hiyo ndiyo hukumu yenyewe, ndogo na ya siri, na kwamba ilimtosha. Sasa sina hakika. Kuacha kutaja kulimfaa yeye. Maskini ile bidhaa iliyorukwa, mwanzo ilipotea ndani ya majivuno, halafu ikapotea ndani ya aibu, na kwa vyovyote haikupata mtu wa kuitaja.

Haya ndiyo niliyomwambia Rasoa mkekani, siku ya hitima, wanaume wakiwa wamefika mwisho wa kisomo na sahani za pilau zikianza kutoka. Alisikiliza akitafuna polepole kwa upande wenye meno.

"Baba naye alisimama hapohapo," akasema.

"Wapi?"

"Kwenye mtihani. Wazee walikuwa wamekaa na makoti yao meusi, kanisa limejaa. Akaanza vizuri. Sauti unaijua. Fedha, chuma, bati. Akafika kwenye watu. Akanyamaza." Rasoa akatoa mfupa mdomoni akauweka ukingoni mwa sahani. "Nilidhani amesahau, nikamnong'oneza sufuria za shaba. Akanitazama. Mzee mmoja akakohoa. Wakangoja, Salima, mpaka watoto wakaanza kucheza. Kisha akafunga kitabu akashuka akakaa pamoja nasi kwenye mabenchi. Wale wazee waliandika kwamba hakujiandaa."

"Yeye hakujiandaa!"

"Nilimuuliza tukiwa njiani. Akasema alikuwa ameipenda sana ile sehemu ya kuzama. Akasema siku ile kwa Mzee Hamadi alimtumia mama wa mama yake kama mtu anayetupa jiwe, na aliponyoosha mkono kanisani kulitupa tena akakuta jiwe lina uso." Baadaye Mwalimu alipata kazi Nosy Be ya kupima maua ya mlangilangi yanapoletwa na wachumaji, na Jumapili aliwafundisha watoto wao kusoma. Alikufa huko. Rasoa anasema hakupandisha sauti tena, hata kwa kuomba chumvi.

Basi watu wawili waliokuwa wakisomeana kupitia ukuta wa mbao, mmoja akazamisha na mwingine akaopoa, walikuja kukwama mahali pamoja, kwenye neno moja. Mmoja akaliruka. Mwingine akashindwa kulipita. Nimesikia wahubiri wengi tangu siku hizo, wa dini zote mbili, wakieleza jinsi Mungu anavyowashusha wenye kiburi, na daima ni kwa moto au maji. Mimi nilichokiona kilikuwa kidogo zaidi: watu wawili wenye sauti kubwa wamekosa la kusema. Huenda manabii walijua hilo, na ile radi waliiweka kwa ajili ya sisi tusiosikia mara ya kwanza.

Sasa ninakuja kwenye shida yangu, kwa sababu sikuandika haya ili mnisifu kumbukumbu. Mjukuu wangu Nasuri anafanya ndoa kuu yake Mahajanga baada ya mfungo. Yeye ni wa uzao wa yuleyule Athumani kwa pande zote mbili, na kwa kuwa mimi ndiye mkubwa niliyebaki, msemaji ameniomba nimpe nasaba kama ilivyo. Nilimtajia Rasoa jambo hilo palepale mkekani, kwa kujigamba kidogo, kama bibi yeyote. Akaniwekea mkono gotini.

"Safari hii msiiruke," akasema. "Na mkiitaja, msiseme wasiohesabika. Mmoja ninamjua jina. Aliitwa Maluwa, ndiye yule aliyejikwaa ghalani kwenu. Nyumba yenu ilimchukua bila kuuliza jina. Jina lake lirudisheni mbele ya watu. Sidai kingine. Hata ile meza yetu mliivunja mguu, nimesamehe."

Binti yangu anasema, "Mama, watu wanakuja kula." Wakwe wanasema harusi si mahali pake, na mama wa bibi harusi amedokeza kwamba ukoo ukitajwa hivyo mbele ya wazee, huenda binti yao akaumwa ghafla. Nasuri mwenyewe amenishika mkono akasema nitakalolitoa atalikubali, na hilo ndilo linaloninyima usingizi, maana kiti cha mbele ni chake, na nikikosea ni yeye atakayerudi nyuma kukaa na watoto mpaka apate mvi. Nimewaandikia ninyi msionijua kwa kuwa ninaowajua wote wana faida au hasara katika jibu. Msemaji anataka orodha Ijumaa. Ninayo hapa mapajani, nimeihesabu mara mbili: bila Maluwa haitimii, na pamoja naye sijui ni nani atakayebaki mkekani. Ingekuwa nguo ningejua pa kuanzia bei na pa kuishia. Nishaurini.